Modemu moja, simu za kuingia na za kutoka: upange vipi poti ya siriali kwenye Unix?

Fungua `cu`, programu ya kupiga simu kupitia modemu, kwenye poti ambayo getty, programu inayotoa "login:" kwa wanaoingia, tayari inaisikiliza, kisha chapa AT, neno linaloanzisha amri za modemu. Modemu inajibu OK, lakini kwenye skrini yako inatokea K peke yake. O imechukuliwa na getty. Chapa tena: safari hii unapata O, na K imekwenda kwingine. Michakato miwili inasoma poti moja, kila herufi inachukuliwa na mchakato uliowahi, na hakuna unaopata neno zima. Hapo getty inaamini kuna mtumiaji anayeitwa "O" anabisha hodi, inamwomba nywila, modemu inapokea neno "Password:" kana kwamba ni amri, na kuanzia hapo ni vurugu tupu.

Hiyo ndiyo shida ya kutaka modemu moja ipokee simu na ipige simu kupitia poti ileile. Wanaotunza mitambo iliyo mbali bado wanakutana nayo: modemu iliyo nyuma ya seva au ruta ndiyo njia ya mwisho ya kuingia mtandao ukikatika, na mashine hiyohiyo inatakiwa ipige simu yenyewe kutoa taarifa mambo yakiharibika. Unix ina majibu kadhaa, na kwa miaka mingi maelekezo yake yamekuwa yakinakiliwa kutoka mfumo mmoja hadi mwingine bila kuangalia kama yanafaa. Ninapolinganisha njia hizi naanza na swali moja: getty na anayepiga simu wakiitaka poti kwa wakati mmoja, nani anaamua?

Kwa nini poti inagombaniwa

Kuna waya mbili zinazobeba karibu uamuzi wote. DTR inatoka kwenye kompyuta kwenda kwenye modemu, maana yake "niko tayari". DCD inarudi kutoka kwenye modemu, maana yake "nimeshaungana na modemu ya upande wa pili". Kwenye plagi ya pini 25, DTR ni pini ya 20 na DCD ni ya 8. Kwenye plagi ya pini 9, ni ya 4 na ya 1.

Programu inapofungua poti yenye udhibiti wa modemu, kerneli, yaani kiini cha mfumo, inapandisha DTR kisha inailaza programu ndani ya `open()` mpaka DCD ipande. Kwa getty huo ni mpango mzuri sana: inalala bila kula chochote, simu ikipokelewa inaamka na kutoa "login:". Kwa anayetaka kupiga simu ni kuku na yai. Hawezi kupiga bila kufungua poti, na poti haifunguki mpaka simu iwe imeshaungana. Anaweza kuruka ukuta huo kwa kufungua na O_NONBLOCK au kwa kuwasha CLOCAL, yaani kuiambia kerneli isiijali DCD, lakini akishaingia anaikuta getty naye yumo. Njia zote zilizobuniwa ni namna ya kumaliza ugomvi huo.

Majina mawili, kifaa kimoja

Jibu la kwanza, na ndilo ninalolipenda zaidi, ni kuipa poti moja majina mawili. Jina moja ni la simu zinazoingia na lingine ni la zinazotoka. SunOS ilikuwa na `/dev/ttya` na `/dev/cua0`. Solaris ikaja na `/dev/term/a` na `/dev/cua/a`. FreeBSD tangu toleo la 8 ina `/dev/ttyu0` na `/dev/cuau0`. OpenBSD ina `tty00` na `cua00`, NetBSD ina `tty00` na `dty00`. Hata macOS imerithi mpango huu, ndiyo maana anayefungua `/dev/tty.` ya waya wake wa USB anaona programu imeganda, halafu akijaribu `/dev/cu.` inafunguka mara moja. Haijaganda, inasubiri DCD ambayo kifaa chake hakiipandishi.

Uzuri wake uko ndani ya draiva, sehemu ya kerneli inayoendesha poti. getty imelala kwenye `ttyu0`. Wewe unafungua `cuau0`, unapewa poti papo hapo, na getty inaendelea kulala hata DCD ikipanda kwa sababu ya simu uliyopiga wewe. Ukifunga, poti inarudi kwenye hali ya kusubiri. Kama simu imeshaingia na `ttyu0` imeshafunguka, anayejaribu `cuau0` anarudishiwa EBUSY (kosa la "kifaa kinatumika") na safari yake inaishia hapo. Mwamuzi ni kerneli, na kerneli haiwezi kusahaulika wala kudanganywa na programu iliyoandikwa vibaya.

Kwenye FreeBSD kazi yote ni mstari mmoja ndani ya `/etc/ttys`:

`ttyu0 "/usr/libexec/getty std.38400" dialup on`

kisha `kill -HUP 1` ili init, mchakato unaoanzisha getty, iusome upya. Programu za kupiga simu, iwe `cu`, `tip` au `ppp` (ya kuunganisha mtandao kwa simu), unazielekeza `cuau0` na si kwingine. Mipangilio ya mwanzo ya poti unaiweka kupitia vifaa vya `.init`, kwa mfano `stty -f /dev/ttyu0.init crtscts`, ili kila anayefungua jina hilo akute umeshawashwa udhibiti wa RTS/CTS, yaani waya zinazosimamisha data upande mmoja ukizidiwa.

Kuna jambo moja ambalo njia hii hailifanyi, na watu hulisahau. Kerneli inamtenganisha anayepokea na anayepiga, lakini wapigaji wawili haiwatenganishi. `cu` yako na `ppp` ya mwenzako zinaweza zote kufungua `cuau0`. Kwa hiyo mafaili ya kufuli, ambayo nayaeleza hapa chini, bado yanahitajika kati ya wapigaji wenyewe.

Kwenye mashine za SPARC zenye Solaris kuna mtego mwingine. Poti za ndani mara nyingi zimepangwa zisiijali DCD, kwa hiyo mpango mzima wa majina mawili unakuwa hauna maana mpaka uandike `eeprom ttya-ignore-cd=false`. Ukiona getty au ttymon (getty ya Solaris) inatoa "login:" hata modemu ikiwa haijaunganishwa na mtu, anza kuangalia hapo.

Faili la kufuli na mgetty

Jibu la pili lilitoka kwa watu wa UUCP, mfumo wa zamani wa kubadilishana mafaili na barua kati ya mashine za Unix kwa simu. Wao hawakuigusa kerneli. Walikubaliana kwamba kila anayetaka poti aandike kwanza faili, kwa mfano `LCK..ttyS1`, lenye namba ya mchakato wake. Akikuta faili lipo, anaangalia kama mchakato wenye namba hiyo bado uko hai. Ukiwa hai anaondoka. Ukiwa umekufa analifuta faili na kuchukua nafasi. Namba inaandikwa kwa tarakimu za kawaida, ikijaza nafasi kumi na kufuatiwa na mstari mpya. Kwenye Linux faili hilo linakaa `/var/lock`.

Getty ya kawaida haiyajali mafaili haya. Ndiyo sababu ikaundwa `uugetty`, na baadaye mgetty ya Gert Doering, ambayo kwa maoni yangu ndiyo iliyolimaliza jambo hili kwa upande wa Linux. mgetty hailali ikisubiri DCD. Inafungua poti bila kusubiri, inaipanga modemu yenyewe kwa amri zake, inaizuia isijipokelee simu kwa S0=0 (S0 ni idadi ya milio kabla modemu haijapokea yenyewe; 0 ni kutopokea), kisha inakaa kimya ikingoja herufi yoyote itokee. Herufi zikitokea, kitu cha kwanza inachofanya ni kuangalia kufuli. Kama kufuli lipo, inajua kuna mtu anapiga simu. Inajiweka pembeni mpaka lifutwe, halafu inajifunga na init inaianzisha upya, ikaipanga modemu upya. Kama kufuli halipo na kilichosomwa ni RING, inahesabu milio, inaweka kufuli lake, inatuma ATA (amri ya kupokea simu) na kusubiri CONNECT (jibu la modemu kwamba imeungana).

Mstari wa `/etc/inittab` ni huu:

`S1:2345:respawn:/sbin/mgetty ttyS1`

na ndani ya `mgetty.config`:

```
port ttyS1
  speed 38400
  rings 2
  data-only yes
```

Ondoa mstari wa mwisho kama unataka modemu ipokee faksi pia. mgetty inaweza kutofautisha simu ya faksi na ya data, na kwa `/AutoPPP/` ndani ya `login.config` inatambua hata anayekuja moja kwa moja kwa PPP. Ina pia kitu kidogo ambacho nimekitegemea mara nyingi: faili `/etc/nologin.ttyS1` likiwepo, simu inaita na haipokelewi. cron, kipanga ratiba cha Unix, ikiliumba asubuhi na kulifuta jioni, una modemu inayopokea simu usiku tu.

Udhaifu wa njia hii umo ndani ya wazo lake. Kufuli ni makubaliano. Programu isiyoyajua inaingia bila kubisha. Programu inayoyajua lakini haina ruhusa ya kuandika ndani ya `/var/lock` inaweza kukataa kufanya kazi, au kibaya zaidi ikaendelea bila kuweka kufuli. Na kufuli linabeba jina, kwa hiyo poti ikiwa na majina mawili kuna mafaili mawili yasiyojuana. Hilo ndilo lililoiua njia ya kwanza kwenye Linux: zamani kulikuwa na `/dev/cua0` sambamba na `/dev/ttyS0`, nusu ya watu wakaweka kufuli kwa jina moja na nusu kwa jingine, kila mmoja akiamini yuko salama. Enzi za kerneli 2.2 majina ya `cua` yalitangazwa kupitwa na wakati, kisha yakaondolewa. Ukikuta maelekezo ya Linux yanayosema utumie `/dev/cua1`, ujue ni ya zamani, na usiyafuate.

Shida hiyohiyo imerudi kwa mlango wa nyuma siku hizi za USB. `/dev/ttyUSB0` inaweza kuwa `ttyUSB1` mashine ikiwashwa tena, kwa hiyo watu hutumia viungo vya `/dev/serial/by-id`. Ni jambo jema, mradi programu zote zitumie jina lilelile. Moja ikifunga kwa jina la kiungo na nyingine kwa `ttyUSB0`, mmerudi kulekule.

Njia za ttymon na AIX

Solaris na AIX (Unix ya IBM) zina utaratibu wao wenye mchanganyiko wa hizo mbili, na kama uko kwenye mifumo hiyo huna haja ya kuhangaika na kingine. Kwenye Solaris ni ttymon, na unachohitaji ni alama ya `-b` kwenye `ttyadm` unaposajili poti kwa `pmadm`. Inaruhusu poti itumike pande zote mbili, na ikiwa huru `cu` na `uucico` (programu ya UUCP inayopiga simu) zinaichukua. Kwenye AIX ni amri moja:

`chdev -l tty0 -a login=share`

Kuna pia `login=delay`, ambayo haitoi "login:" mpaka anayepiga abonyeze kitufe. Ichague hiyo kama upande wa pili kuna modemu au kifaa kinachochanganywa na maandishi yasiyotarajiwa. Mafaili ya kufuli ya AIX yanakaa `/etc/locks`.

Halafu kuna kuzima na kuwasha kwa mkono: `disable tty1A` kwenye SCO, piga simu yako, `enable tty1A`. 4.3BSD ilikuwa na `acucntrl` iliyofanya kazi ya namna hiyo. Inafaa kwa mashine unayokaa mbele yake. Kwa mashine ya mbali siipendekezi hata kidogo, kwa sababu siku utakayosahau kuiwasha ndiyo siku utakayoihitaji.

Mbili kubwa zikikutanishwa

| Kigezo | Majina mawili na getty | mgetty na kufuli |
|---|---|---|
| Mwamuzi | Kerneli | Makubaliano ya programu |
| Anayepokea simu | Modemu yenyewe, S0=1 | mgetty, kwa ATA |
| Programu isiyojua kufuli | Inazuiwa simu ikiwa imeingia | Inaingilia |
| Modemu baada ya simu ya kutoka | Inabaki ilivyoachwa | Inapangwa upya |
| Mashine ikiganda | Modemu bado inaweza kupokea | Simu inaita tu |
| Faksi na PPP kwenye laini moja | Unajitafutia | Zimo ndani |

Safu mbili kati ya hizo zinastahili maelezo zaidi, kwa sababu ndizo zinazoamua mambo kwenye kazi halisi.

Ya kwanza ni hali ya modemu baada ya simu ya kutoka. Kwa simu zinazoingia unataka modemu iwe kimya: E0 isirudishe mwangwi, Q1 isitoe majibu. Isipokuwa hivyo, neno "login:" linarudishwa na modemu kama mwangwi, getty inalichukua kuwa ni jina la mtumiaji, inauliza nywila, nalo swali hilo linarudi, na mzunguko hauishi. Kwa simu zinazotoka unataka kinyume chake, maana programu lazima ione OK na CONNECT. Nimekaa mbele ya konsoli nikiangalia mstari huu ukijirudia bila kukoma:

`INIT: Id "S1" respawning too fast: disabled for 5 minutes`

na chanzo kilikuwa programu ya kupiga simu iliyotuma ATE1Q0 (kuwasha mwangwi na majibu) usiku na kuondoka bila kusafisha. getty haikujua lolote, kwa kuwa kwenye njia ya majina mawili getty haiulizwi wala haiambiwi. Modemu iliendelea kuzungumza, na getty ikaendelea kumjibu mtu asiyekuwepo.

Tiba zipo tatu. Baadhi ya modemu, zikiwemo za U.S. Robotics, zina Q2, ambayo hutoa majibu unapopiga na kunyamaza unapopokea. Ukiwa nayo, itumie. Ya pili ni &D3, ambapo kila DTR inaposhuka modemu inajirudisha kwenye mpangilio uliohifadhiwa; siyo kila modemu inaitii sawasawa, kwa hiyo ijaribu kabla ya kuiamini. Ya tatu ni kuhakikisha kila programu ya kupiga simu inamaliza kwa ATZ, amri ya kurudisha mpangilio uliohifadhiwa, na hiyo ni kumtegemea binadamu asisahau. mgetty haina shida hii hata kidogo, kwa sababu inaipanga modemu upya kila mara. Kama kwenye mashine yako wapigaji ni wengi na hujui kila mmoja anafanya nini, hapo ndipo mgetty inapopata ushindi wake mkubwa.

Safu ya pili ni mashine kuganda. Modemu yenye S0=1 na &D2 haipokei simu DTR ikiwa chini, kwa hiyo kompyuta iliyozimwa haitapokelewa simu zake. Lakini kerneli ikiganda, DTR inabaki juu kama ilivyokuwa. Modemu inapokea, mpigaji anaungana, na anachopata ni ukimya. Kama ni programu ya otomatiki inayopiga kutoka mbali, inaweza kukaa hapo ikisubiri huku gharama za simu zikihesabika. Kwa mgetty, mashine isiyoweza kutuma ATA haiwezi kupokea: simu inaita na kuita, na mlio wenyewe ni taarifa kwamba kuna tatizo. Kwa mashine ya mbali tofauti hiyo ina thamani kubwa, na mara kadhaa ndiyo iliyonifanya niache kuangalia sifa nyingine zote.

Kuna mgongano mmoja ambao hakuna njia inayouponya. Simu inaanza kuita sekunde ileile programu yako inapotuma ATDT, amri ya kupiga namba. Modemu inanyanyua laini, na unakuta umempokea mgeni huku ukidhani umepiga. Laini ni moja. Kerneli na kufuli haziwezi kubadilisha hilo.

Yanayofanana popote ulipo

Njia yoyote utakayochagua, modemu lazima iwe na &C1, ili DCD ifuate hali halisi ya mawasiliano, na &D2 au &D3, ili DTR ikishuka simu ikatwe. Kuna modemu ambazo kiwandani zimepangwa ziiinue DCD muda wote, na hizo zinaifanya getty iamke bila simu yoyote. Funga kasi ya kati ya kompyuta na modemu mahali pamoja, 38400 au 115200, isibadilike hata modemu mbili zikiungana kwa 28800. Washa RTS/CTS pande zote mbili. Kisha hifadhi kwa &W.

Kwa mashine za zamani angalia pia chipu ya poti. 16550A ina bafa ya baiti 16. Zilizotangulia, 8250 na 16450, zinashika baiti moja tu, na kwa kasi ya 115200 baiti mpya inafika kila mikrosekunde 87 hivi. Mashine yenye shughuli nyingi haitawahi, na herufi zitapotea hata kama kila kitu kingine umekipanga sawasawa.

Waya nao. Zile zenye nyaya tatu pekee hazina DTR wala DCD, na hakuna mpangilio wa programu utakaozileta.

Uchague ipi

Ukiwa kwenye FreeBSD, OpenBSD, NetBSD au Solaris, tumia majina mawili yaliyomo kwenye mfumo pamoja na getty au ttymon yake. Usilete mgetty kwa sababu tu umeizoea. Kazi imeshafanywa na draiva, na utakachobaki nacho ni kuipanga modemu vizuri na kuihifadhi.

Ukiwa kwenye Linux, ni mgetty. agetty inayokuja na mfumo haiangalii mafaili ya kufuli, kwa hiyo inafaa poti inayopokea tu au konsoli ya waya, ambapo unaipa `-L`. Kwenye mifumo yenye systemd, funga kabisa huduma ya kawaida kwa `systemctl mask serial-getty@ttyS1.service`, kisha andika yunit yako yenye `ExecStart=/sbin/mgetty ttyS1` na `Restart=always`. Usiweke `console=ttyS1` kwenye vigezo vya kerneli kwa poti hiyohiyo: kama hukuifunga huduma ile systemd itaanzisha agetty yenyewe, na kwa vyovyote ujumbe wa kerneli utamiminwa kwenye modemu iliyo katika hali ya amri. Kama ModemManager imo kwenye mashine, ikataze isiguse kifaa hicho au iondoe, maana ina tabia ya kufungua poti na kutuma AT zake ili kujua kuna nini upande wa pili.

Kwenye AIX, `share`.

Na kama simu inayoingia ndiyo njia yako ya mwisho ya kuifikia mashine, acha kulinganisha na uweke modemu mbili kwenye laini mbili: moja inapokea tu, nyingine inapiga tu. Hakuna kugombania, hakuna kufuli, na mgongano wa ATDT na mlio unakwisha. Nawaambia hivi hata wanaoniuliza wakiwa wameshachoka na mipangilio, kwa sababu poti ya pili huwa rahisi kuliko usiku mmoja wa kutafuta ni nani aliyebadilisha S0.

Jaribu kabla ya kuondoka

Anza na `stty -a -F /dev/ttyS1`, au `-f` kwenye BSD. Unataka kuona `crtscts` na `hupcl`, na simu ikiwa imeingia, `-clocal`. Kwenye Linux, root anaweza kusoma `/proc/tty/driver/serial` na kuona waya zipi ziko juu. CD isiwepo wakati hakuna simu.

Piga simu ya kutoka kwa `cu`. Soma faili la kufuli na ulinganishe namba iliyomo na `ps`. Kata, subiri kidogo, na uhakikishe kufuli limeondoka. Kisha piga kutoka nje na uingie. Ukiwa ndani, mwambie mtu aliye kwenye mashine ajaribu `cu`: anatakiwa akataliwe papo hapo. Rudia mzunguko huo wa kutoka na kuingia mara tatu au nne mfululizo, kwa kuwa mipangilio mibovu mara nyingi hufanya kazi mara ya kwanza.

Jaribio la mwisho usiliruke. Ingia kwa simu, usitoke kwa `exit`, chomoa waya wa simu. DCD inatakiwa ishuke, kerneli itume SIGHUP (ishara kwamba laini imekatika), na shell ife. Sasa chomeka, piga tena. Mahali fulani nilipoitwa kusaidia, modemu ilikuwa imewekwa &C0 na poti ilikuwa na clocal, na mpango ulisifiwa kwa sababu "haukatiki ovyo". Nilichomoa waya, nikapiga tena kwa simu nyingine, na badala ya "login:" nikapokelewa na alama ya `#`. Ilikuwa shell ya root ya mtu aliyepiga kabla yangu, bado wazi, na ningeweza kufanya nilichotaka. Ukiona chochote tofauti na "login:" mpya baada ya kuchomoa waya, rudi kwenye &C1 na `-clocal`, na uache modemu bila laini ya simu mpaka jaribio hilo lipite.